Bundi anawindaje usiku? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni miaka kadhaa sasa bundi dume na jike wake wanaishi darini, kwenye ghala lililo nyuma ya nyumba yetu. Majirani walikuja mmoja mmoja, wengine kutushauri tuwafukuze kabla hayajatukuta makubwa, wengine kuuliza tu. Nilipowasikiliza niligundua kwamba karibu wote wanaogopa mambo manne yaleyale: ule uso, ile shingo inayozunguka, yale mabawa yasiyo na sauti na ule mlio wa usiku. Nami kadiri nilivyosoma na kuwatazama ndege hawa, ndivyo nilivyoona kwamba hayo yanayotutisha ndiyo zana zake za kazi.

Nikiandika "bundi" bila kufafanua, nazungumzia bundi mweupe wa majumbani, yule mwenye uso wa umbo la kopa ya karata, anayepatikana Pwani na Bara, mijini na mashambani. Wenzake nitawataja kwa sifa zao.

Je, bundi anaona katika giza totoro?

Haoni. Pasipo mwanga hata chembe, hakuna jicho linaloona, la bundi wala la paka. Anachojaliwa bundi ni kuutumia vizuri mwanga kidogo sana, kama ule wa nyota au wa mwezi mwandamo. Mboni yake hupanuka mno, lenzi ni kubwa, na ukuta wa ndani wa jicho umejaa seli za kupokea mwanga hafifu. Seli za kutambua rangi ni chache, kwa hiyo rangi hazioni vizuri kama sisi.

Lakini tusimpe sifa zisizo zake. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mwingereza Graham Martin alimpima bundi wa misitu ya Ulaya, akakuta macho yake yanahisi mwanga hafifu kuliko ya binadamu kwa mara mbili na ushei tu. Wengi nikiwaambia hivyo huvunjika moyo, maana walitarajia mara mia. Mimi huona hapo ndipo habari inapoanza kunoga: kama macho yake hayatupiti sana, anampataje panya chini ya majani makavu usiku usio na mwezi? Jibu liko masikioni, tutalifikia.

Kwa nini macho yake yanatazama mbele kama ya mtu?

Kwa sababu anahitaji kukadiria umbali. Macho mawili yakitazama kitu kimoja, kila moja kutoka pembe yake, ubongo hupima kitu hicho kiko mbali kiasi gani. Njiwa, ambaye kazi yake ni kukwepa kuliwa, ana macho pembeni ili aone pande zote. Bundi anaona eneo la nyuzi 110 hivi, na karibu nyuzi 70 kati ya hizo zinaonwa na macho yote mawili kwa pamoja.

Jicho lenyewe si la mviringo kama gololi. Ni refu, limekaa kama kikombe kilichofukiwa ndani ya fuvu, na limezungukwa na pete ya mfupa. Urefu huo ndio unaolipa nafasi ya lenzi kubwa ndani ya kichwa kidogo. Gharama yake ni kwamba jicho haligeuki. Bundi hawezi kukutupia jicho la pembeni. Akitaka kukuona, lazima akugeuzie uso mzima. Ndiyo maana ukikutana naye unahisi anakukodolea wewe peke yako.

Jambo jingine ambalo watu hawalidhanii ni kwamba vitu vya karibu sana haoni vizuri. Panya akishafika mdomoni, bundi humpapasa kwa manyoya membamba kama nywele yaliyo kandokando ya mdomo.

Ukimwona anayumbisha kichwa juu, chini, kulia na kushoto, hachezi wala haagui. Anakitazama kitu kimoja kutoka pembe nyingi ili apate umbali wake.

Ni kweli kichwa chake kinazunguka duara zima?

Hapana. Kinafika nyuzi 270 hivi, yaani robo tatu ya duara, kwa upande wa kulia au wa kushoto. Kwa kuwa hugeuza upesi kisha akarudi kwa upande wa pili, mtazamaji huapa kwamba kimezunguka chote.

Sisi tuna pingili saba za shingo, bundi ana 14. Hilo linaeleza wepesi wa shingo lakini halielezi damu. Mtu akikunjwa shingo kwa nguvu namna ile, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inaweza kuchanika au kuziba akapata kiharusi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walichunguza bundi waliokuwa wamekwisha kufa, wakakuta kwamba matundu ya pingili unamopita mshipa ni mapana takribani mara kumi ya mshipa wenyewe. Mshipa una nafasi ya kusogea bila kubanwa. Pia, karibu na kichwa mishipa yake hutanuka na kuhifadhi damu kidogo, ili shingo ikijinyonga macho na ubongo visikauke. Nilipoyasoma haya nilikwenda ghalani jioni ileile nikakaa kumtazama tu.

Vile vipembe kichwani ndiyo masikio?

Ni manyoya tu. Bundi wetu mweupe hana kabisa. Wenye vipembe huvitumia kujifananisha na kisiki na kuonyeshana hali zao. Masikio halisi ni matundu yaliyofichwa na manyoya, kando ya uso.

Basi masikio yake yana nini cha ajabu?

Hayako sawa. Tundu la kushoto liko juu kidogo kuliko la kulia, na linaelekea chini. La kulia limekaa chini na linaelekea juu. Mtu akiyaona hayo bila kuelezwa atasema ndege huyu ni kilema. Ule upogo ndio akili yenyewe.

Fikiria panya anayetafuna punje upande wako wa kulia. Sauti inafika sikio la kulia kwanza, halafu la kushoto. Kichwa cha bundi ni kidogo, hivyo tofauti hiyo ya muda haizidi sana sehemu 200 za milioni moja ya sekunde, lakini ubongo wake unaitambua, hata ikiwa ndogo zaidi ya hapo. Kwa hesabu hiyo anajua panya yuko kulia au kushoto kiasi gani. Sisi nasi tunafanya hivyo, kwa ukali mdogo zaidi.

Tunaposhindwa ni juu na chini. Embe likianguka gizani unaweza kuonyesha upande, lakini ukiulizwa sauti imetoka kimo gani unaanza kubahatisha. Bundi habahatishi. Sauti itokayo chini huingia kwa nguvu zaidi sikio la kushoto, itokayo juu huingia zaidi la kulia. Akilinganisha nguvu hizo mbili anapata kimo. Ukizichanganya hesabu mbili, ya muda na ya nguvu, unapata nukta moja gizani, na kosa lake ni nyuzi moja au mbili tu.

Sauti anazozisikia kwa ukali zaidi ni zile nyembamba za juu: mchakato wa jani kavu, mlio wa panya, meno yakiguguna hindi.

Ilijulikanaje kwamba anawinda kwa masikio na si kwa harufu au joto?

Kwa majaribio ya subira kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani Roger Payne alimweka bundi ndani ya chumba kilichozibwa mwanga wote, sakafuni akatandaza majani makavu, kisha akaachia panya. Bundi alisubiri, akaruka, akamkamata. Payne akaenda mbali zaidi: akavuta kipande cha karatasi kilichokunjwa, ukubwa wa panya, juu ya majani yale. Karatasi haina harufu ya panya wala joto la mwili. Bundi akaishambulia. Akizibwa sikio moja, alikosa. (Payne huyu ndiye aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa kuchunguza nyimbo za nyangumi. Alianza na masikio ya bundi.)

Baadaye Masakazu Konishi, mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi California, pamoja na Eric Knudsen, walitafuta ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 1978 walitangaza kwamba wamekuta seli zilizopangwa kama ramani: seli hii inaamka sauti ikitoka kulia chini, ya jirani inaamka sauti ikisogea kidogo juu. Sikioni hakuna ramani ya namna hiyo, kwa sababu sikio linapokea sauti tu bila kujua mahali. Ubongo ndio unaoichora kwa kulinganisha masikio mawili. Walipomziba bundi sikio la kushoto alikosea kwa kuelekea juu na kulia, kama upogo wa masikio yake unavyotabiri.

Bundi akizeeka anakuwa kiziwi?

Karibu hapana kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya kupima bundi vijana na wazee, mmoja akiwa na miaka 23, umri mkubwa sana kwa ndege huyu. Wazee walisikia karibu sawa na vijana. Seli za ndani ya sikio la ndege zikifa huota nyingine. Zetu zikishakufa zimekwenda.

Ule uso wa sahani una kazi gani?

Uso ule ni sikio la nje. Manyoya yake magumu na mafupi yamepangwa kuzunguka pembezoni kama ukingo wa ungo, yakikusanya sauti na kuisukuma kwenye matundu. Mzee asiyesikia vizuri huweka kiganja nyuma ya sikio. Bundi amezaliwa na viganja viwili vimezunguka uso mzima. Manyoya hayo yakiondolewa, kama ilivyowahi kujaribiwa, bado atajua kulia na kushoto lakini atapotea katika juu na chini.

Kwa nini hasikiki akiruka?

Njiwa akiruka unasikia mabawa yakipiga. Bundi anaweza kupita juu ya kichwa chako kwa kimo cha mkono ukahisi kama kivuli kimepita. Kwetu hilo ndilo lililowafanya watu waseme "yule si ndege."

Kwanza, mabawa yake ni makubwa kwa mwili mwepesi. Anakuwa na gramu mia tatu na kitu, na mabawa yakitandazwa yanakaribia sentimita 90. Kwa hiyo anaelea polepole bila kupigapiga sana, na hewa inayopita taratibu haipigi kelele nyingi.

Pili ni manyoya yenyewe. Ukiokota unyoya wake wa ubawa, pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele: utahisi meno madogo kama ya kitana. Meno hayo huupangua upepo kabla haujaanza kuvurugika. Ukingo wa nyuma una nyuzi laini kama ncha za shali, na hapo ndipo kelele nyingi za bawa la kawaida huzaliwa, pale hewa ya juu na ya chini zinapokutana. Uso wa unyoya una vinyweleo kama mahameli, manyoya yakisuguana hayachakarishi. Mambo haya matatu yaliandikwa mwaka 1934 na R. R. Graham, mwanajeshi wa anga wa Uingereza, na mpaka leo wahandisi hurudi kwayo. Treni ya kasi ya Japani, aina ya 500 iliyoanza safari mwaka 1997, ilipunguziwa kelele kwenye mkono unaochukua umeme juu ya paa kwa kutiwa meno yaliyoigwa bawa la bundi. Mhandisi wake, Eiji Nakatsu, alikuwa mpenzi wa kutazama ndege.

Watu hudhani ukimya huo ni wa kumficha panya asisikie. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba bundi anahitaji kumsikia panya hadi dakika ya mwisho, akiwa tayari hewani. Bawa lenye kelele lingemziba masikio yake mwenyewe.

Ulaini huo hauna hasara?

Unayo, na ni kubwa. Manyoya laini yanalowa upesi. Mvua ikinyesha, matone yanazima sauti za chini na mabawa yanakuwa mazito, kwa hiyo bundi hukaa ndani na njaa yake. Masika yakishikilia siku nyingi mfululizo, makinda huweza kufa kwa njaa.

Akishampata anamkamataje?

Miguu ni mirefu kuliko inavyoonekana chini ya manyoya. Dakika ya mwisho huitupa mbele hadi mahali palipokuwa uso wake, akafumba macho, akapiga. Kila mguu una vidole vinne, na kimoja cha nje kinageuzika mbele au nyuma, hivyo anaweza kupanga viwili mbele na viwili nyuma na kufunika eneo pana. Kano za vidole zina meno yanayojifunga zenyewe. Akishika hahitaji kuendelea kukaza misuli.

Kwa nini anatapika madonge ya mifupa?

Hana meno, humeza panya mzima au vipande vikubwa. Nyama inasagika, mifupa na manyoya yanabaki kwenye firigisi, yanafinyangwa kuwa donge, kisha analitapika. Si uchafu wa kichawi. Loweka moja kwenye maji ya uvuguvugu, lifungue kwa kijiti: utakuta mafuvu mazima, na unaweza kuhesabu alikula panya wangapi. Kwa somo la sayansi shuleni sijaona kifaa rahisi kuliko hicho. Nawa mikono tu baadaye.

Bundi wote wako hivi?

Hapana, na tofauti zao ndizo zinazothibitisha kila kiungo kina sababu. Dunia ina aina 250 hivi. Kando ya mito kama Rufiji na Tana yuko bundi mvuvi, mkubwa, wa rangi ya kahawia ya kutu. Anakula samaki, na samaki aliye majini hasikii mabawa. Basi manyoya yake hayana kile kitana cha mbele, na akiruka anasikika. Sahani ya uso karibu haipo. Miguu yake haina manyoya yasije yakalowa, na nyayo zina vijichomozo vikali vya kushikia kitu chenye utelezi.

Bundi mkubwa kuliko wote Afrika, mwenye kope za rangi ya waridi, humla hata kalunguyeye baada ya kumchuna miiba. Masikio yake hayana upogo wa bundi mweupe. Anategemea zaidi macho na nguvu.

Wapo na wadogo. Bundi wa Sokoke ana uzito wa gramu 50 tu hivi. Anaishi msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kenya na chini ya milima ya Usambara Mashariki, na wataalamu hawakumjua hadi mwaka 1965. Bundi wa Pemba hapatikani kokote duniani ila kisiwani Pemba, na ukitaka kumsikia nenda msitu wa Ngezi usiku. Wote wawili hula wadudu.

Mchana haoni?

Anaona, mboni hujifinya mwanga ukizidi. Anajificha kwa sababu kunguru na ndege wadogo wakimwona humzonga na kumdona.

Kwa nini huyu wa kwetu ni mweupe, si angeonekana na panya?

Swali hili alinibana nalo mwanafunzi mmoja, nikalazimika kwenda kusoma. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na watu wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, ulionyesha kwamba usiku wa mwezi mpevu mwanga hudunda kwenye kifua cheupe, na panya wa mashambani wakiangaziwa hivyo huganda pale walipo badala ya kukimbia. Bundi wenye vifua vya rangi ya kutu walirudi na mawindo machache mwezi ukiwa mkubwa; weupe hawakupungukiwa.

Mlio wake juu ya paa si dalili ya msiba?

Nilikua nikiambiwa hivyo, na naheshimu wazee walioniambia. Lakini huyu bundi haimbi "huu, huu" kama wengine; anapiga ukelele mkavu wa kukwaruza kumwita mwenzake au kumwonya mgeni. Anatua juu ya paa kwa sababu paa ni mahali pa juu pa kusikilizia, na ndani ya dari kuna pa kutagia. Na ile sauti ya mtu anayekoroma au nyoka anayefoka darini, ambayo imehamisha watu nyumba, ni makinda wanaolilia chakula.

Nina panya wengi shambani. Nitegeshe sumu au nimwachie bundi?

Ukichanganya vyote viwili utampoteza bundi. Sumu nyingi za madukani huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiwa mzito na mlegevu, ndiye wa kwanza kunaswa, na sumu inahamia kwa bundi na makinda wake. Panya shamba, anayefukua mahindi yaliyopandwa juzi, amechunguzwa kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na mkulima aliye karibu anaweza kuwauliza njia nyingine. Nchini Malaysia kwenye mashamba ya michikichi, na katika Bonde la Yordani, wakulima huweka masanduku ya mbao bundi watagie. Jozi yenye makinda wanne au watano inakamata panya mamia kwa msimu mmoja wa kulea. Haitawamaliza, lakini inapunguza, na haidai mshahara.

Nimekuta kinda la bundi chini. Nifanyeje?

Usimpe maziwa, mkate wala ugali, na usimmiminie maji mdomoni. Kama hana jeraha, vaa glavu au shika kitambaa kizito, maana kucha zake hazitambui nia njema, umrudishe kwenye tundu alikotoka. Kwa bundi mweupe hili lina haraka, kwa sababu wazazi kwa kawaida hulisha ndani ya kiota na hawashuki kumlisha aliye sakafuni. Harufu ya mikono yako haitawafanya wamkatae. Kisha ondoa ngazi, wazuie watoto na paka, ukae mbali. Giza likishaingia utawasikia wanakoroma wote kwa pamoja. Wakikazana ghafla, halafu wakanyamaza, mzazi ameingia na panya, na wewe hukusikia bawa hata moja.